Simama Mstarini: Mwongozo Kamili wa Kucheza Karibu na Wavu Katika Pikoboli

Mechi yangu ya kwanza ya pikoboli, ule mchezo wa raketi na mpira wa plastiki wenye matundu, nilifungwa 11–2 na wazee wawili ambao, ukijumlisha, sidhani walipiga hatua ishirini. Mimi nilitoka jasho la kuoshea gari. Nilikuwa nimecheza tenisi miaka kadhaa, nikaingia uwanja wetu huku South C nikijua leo watanitambua. Nikatandika mipira ya nguvu kutoka nyuma. Wao wakasimama mbele pale, bega kwa bega, wakiirudisha kama makanga anayerudisha chenji. Tulipomaliza, mwenzangu niliyepangiwa siku hiyo, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye uwanjani kila mtu humwita Mwalimu, akaniambia: "Kijana wangu, mkono wako ni mzuri. Miguu ndiyo inayokuuza."

Ilinichukua miezi kumwelewa. Pikoboli ya wawili kwa wawili huamuliwa na swali la nani kasimama wapi wakati mpira unapigwa. Na huendi mbele kwa sababu una mbio. Unaenda kwa sababu mpira uliopiga umekufungulia njia. Mpira mbaya hukufungia mlango, hata ukikimbia vipi.

Pima kabla hujacheza

Uwanja wa pikoboli una upana wa mita 6.10 na urefu wa mita 13.41, yaani futi 20 kwa 44. Mtu wa badminton ataona vipimo hivyo si vigeni: ndio uwanja wa badminton wa wachezaji wawili wawili. Asili yake ni hiyo. Mchezo ulianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington huko Marekani, pale Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walipotaka kuzipa familia zao kitu cha kufanya, wakawa na uwanja wa zamani wa badminton lakini vifaa havijakamilika. Wakachukua raketi za tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu. Wavu ulianza ukiwa juu kama wa badminton, kisha ukateremshwa.

Kwa sisi wa Nairobi urithi huo ni neema na mtego. Kumbi nyingi za shule na makanisa zina mistari ya badminton tayari, kwa hiyo watu hufunga wavu chini na kuanza kucheza. Lakini mstari wa mbele wa badminton uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu, na wa pikoboli unatakiwa uwe mita 2.13. Tofauti ni sentimita 15, urefu wa biro. Ukizoea mstari wa badminton, siku utakayocheza uwanja uliopimwa vizuri utajikuta unakanyaga kila mara. Chukua futikamba, pima futi 7 kutoka kwenye wavu pande zote mbili, kisha bandika ule utepe wa karatasi wanaotumia mafundi wa rangi.

Wanaoazima uwanja wa tenisi wana tatizo lao. Wavu wa tenisi una sentimita 91.4 katikati na huzidi kupanda kuelekea kwenye nguzo. Wetu unatakiwa uwe 91.4 kwenye mistari ya pembeni na 86.4 katikati. Vuta ule mkanda wa katikati mpaka kipimo kifike. Sentimita tano zinaonekana mzaha hadi uanze kupiga mipira laini, ndipo utakapojua zilikuwa na maana.

Jiko lina sheria moja tu, na watu huielewa vibaya

Lile eneo la mita 2.13 mbele ya wavu ndilo jiko. Humo huruhusiwi kupiga voli, yaani kuupiga mpira hewani kabla haujadunda. Basi. Kuingia kunaruhusiwa wakati wowote. Ukitaka kupiga kambi humo, piga. Mpira ukidunda jikoni, ingia uuchukue bila wasiwasi. Nimeona watu wazima wakiutazama mpira unadunda mara mbili mbele yao kwa sababu wameambiwa "jikoni hapaingiwi".

Ila vipengele vyake vina meno. Mstari wenyewe ni sehemu ya jiko, kwa hiyo ncha ya kiatu juu ya mstari wakati wa voli ni kosa. Huwezi kuwa ndani, ukaruka juu, ukapiga voli ukiwa hewani: lazima miguu yote miwili iwe imegusa chini nje ya jiko kwanza. Na msukumo wa mwili unahesabiwa. Ukipiga voli kisha ukapepesuka ukaingia, ni kosa, hata kama mpira umeshadunda mara mbili upande wa pili na wapinzani wameanza kuokota chupa zao za maji. Vitu ulivyovaa navyo vinahesabiwa. Niliwahi kupoteza pointi kwa kofia: niliinama nikapiga voli safi, kofia ikachomoka ikatua jikoni. Mwalimu hakusema neno. Aliitazama kofia, akanitazama mimi.

Kwa upande mwingine, jiko ni sakafu, halipandi juu hewani. Unaweza kunyoosha mkono na raketi juu ya jiko ukaupiga mpira hewani, mradi miguu imebaki nje na mwili haukufuati. Hilo ndilo linalofanya kusimama mstarini kuwe na faida kubwa hivyo.

Ukiwa mstarini unaukuta mpira mapema, mara nyingi ukiwa bado juu ya wavu, na mpira ulio juu ya wavu unaweza kuugandamiza uende chini. Ukiwa nyuma unausubiri uje kwenye viatu vyako, na mpira wa kwenye viatu lazima uunyanyue. Anayenyanyua humtengea mpinzani. Tena kutoka mbele unaona pembe za uwanja ambazo aliye nyuma, karibu mita 7 kutoka kwenye wavu, hana.

Hatua ya kwanza: kiberiti

Simama mstarini kisha weka kiberiti kwa urefu wake kati ya kidole gumba cha mguu na mstari. Hiyo ndiyo nafasi yako. Wengi wakiambiwa "nenda mbele" husimama hatua nzima nyuma ya mstari wakidhani wamefika. Hatua hiyo moja inatosha mpinzani kuuweka mpira miguuni mwako. Ukikaribia kuliko kiberiti, utakanyaga.

Panua miguu kupita mabega kidogo, kunja magoti, uzito uwe kwenye vidole. Visigino viguse chini kwa adabu tu. Raketi iwe mbele ya kifua, mikono imetangulia mwili, uso wake umeelekea kidogo upande wa mgongo wa mkono. Huo upande wa mgongo wa mkono hulinda sehemu kubwa ya mwili, ukiwemo usawa wa kwapa la mkono wa raketi, ambako mpinzani mjanja atakulenga. Jaribu sasa hivi hapo ulipo: kuchukua mpira wa kwapani kwa upande wa kiganja, kiwiko kitakwama kama bawa la kuku.

Sasa kazi ngumu: usirudi nyuma. Mpira laini ukija miguuni, silika itakuvuta nyuma hatua moja, kisha nyingine, na baada ya mipira mitatu uko katikati ya uwanja hujui umefikaje. Waliotoka kwenye tenisi ndio wenye ugonjwa huu, mimi nikiwa mgonjwa mkuu. Kama unaweza kuunyooshea mkono mpira na kuupiga hewani, upige hapo ulipo. Kama huwezi, mguu mmoja urudi kidogo kukupa nafasi, mwingine ubaki, na ukishapiga urudi kwenye kiberiti chako.

Mpira ukidunda kwa ufupi jikoni, ingia na mguu mmoja, upige, toka. Usibaki humo kuisifu kazi yako. Ukiwa ndani na mpira wa haraka ukakujia kifuani, huwezi kuupiga hewani, wala huna muda wa kutoka.

Hatua ya pili: kufika huko mbele

Sheria inawapa wanaopokea zawadi. Mpira wa kuanzisha lazima udunde, na unaporudishwa lazima udunde tena upande wa waanzishaji. Maana yake walioanzisha wamefungwa nyuma hadi mpira wa tatu, huku wanaopokea wanaweza kuwahi mbele. Kwa hiyo mwenzi wa anayepokea asimame mstarini tangu mwanzo, akiwa na kiberiti chake. Anayepokea naye aurudishe mpira mbali, karibu na mstari wa nyuma, na uwe wa polepole wenye kupaa kidogo. Upolepole huo ni wa makusudi: ndio muda wako wa kutembea mita 4.57 kutoka mstari wa nyuma hadi wa jiko. Ukiurudisha kwa kombora utajisikia vizuri, lakini kombora hurudi kabla hujafika.

Walioanzisha wana mlima. Wote wawili wabaki nyuma ya mstari wa nyuma. Mwenzi wa aliyeanzisha hupenda kusogeasogea mbele bila sababu. Mpira mmoja mrefu ukimjia miguuni, mchezo umeisha. Kisha mpira wa tatu udondoshwe laini, upite juu ya wavu na kufia jikoni kwao, ili lazima waupige kutoka chini kwenda juu. Huo ndio mpira unaokununulia njia.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukishaudondosha, usikimbie kichwakichwa. Mtazame mpinzani. Raketi yake ikishuka chini ya usawa wa wavu, anakwenda kunyanyua: songa mbele. Raketi ikipanda juu ya bega, mpira wako umeketi juu sana na anakwenda kukuadhibu: simama hapo hapo, jishushe, raketi mbele, jiandae kuzuia. Huhitaji kufika kwa safari moja. Mpira mmoja mzuri hukupa hatua mbili au tatu, unasimama, unadondosha tena, unapata nyingine mbili.

Na kila anapokaribia kuupiga, wewe uwe umesimama. Ruka kidogo sana, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiona vizuri gizani, utue kwa miguu yote miwili kabla raketi yake haijagusa mpira. Mtu anayekimbia wakati mpira unapigwa anaweza kwenda upande mmoja tu, ule anaokimbilia. Aliyesimama anaweza kwenda popote.

Ule ukanda wa katikati, kati ya mstari wa nyuma na jiko, ni kama katikati ya Thika Road kwa mtu aliyekataa kupanda daraja. Kupita unaweza kupita. Kusimama kupiga soga, hapana. Mara nyingine mchezo utakukamata hapo na hapana jinsi; basi piga mpira laini, wa chini, na uendelee na safari. Usijaribu kumaliza pointi ukiwa katikati ya barabara.

Hatua ya tatu: kamba kati yenu

Jifunge kamba ya kufikirika ya mita kama tatu kiunoni, upande wa pili umfunge mwenzako. Mpira ukienda kona ya kushoto, nyote mnasogea kushoto. Ukienda kulia, nyote kulia. Akirudishwa nyuma mmoja, mwingine asibaki mbele peke yake akilinda heshima. Shimo kati ya aliye mbele na aliye nyuma ndilo linalotafutwa. Watu wa badminton huteseka hapa, maana wamezoea mmoja mbele mmoja nyuma. Ilikuwa tabia nzuri huko kwao.

Mnaposogea kushoto, kona ya kulia itabaki wazi, na moyo utakudunda. Iache. Aliye mkabala na mpira analinda mstari wa pembeni, mwenzake analinda katikati, na ile kona ya mbali inalindwa na ugumu wa kuifikia: mpinzani lazima aupitishe kimshazari kabisa, chini vya kutosha ili msiufikie, na bado usitoke nje. Akiweza hivyo mara tatu mfululizo, mpe mkono.

Katikati ndiko ndoa huvunjikia. Kama nyote mnatumia mkono wa kulia, aliye upande wa kushoto ana kiganja katikati, kwa hiyo mipira mingi ya hapo ni yake. Mmoja akiwa wa mkono wa kushoto na akasimama kulia, viganja vyote viwili viko katikati, na hapo lazima mkubaliane kabla ya mechi. Kisha semeni kwa sauti. Sisi kwa mwezi mzima tulipoteza pointi kwa sababu nikipaza "Yangu!" Mwalimu hujibu "Wangu! Ni mpira, ngeli ya m–mi," na mpira umeshapita. Tulikubaliana kwamba uwanjani hapana ngeli. Yeye bado husema "wangu".

Katika mipira laini ya jikoni, ile ya kuviziana, penda kimshazari. Ukitoka mstari wa jiko lako hadi wa kwao moja kwa moja ni mita 4.27 tu, kutoka kona hadi kona ni karibu mita 7.4. Una nafasi zaidi ya mpira kushuka, tena unaupitisha katikati ya wavu, mahali ulipo chini zaidi. Mpira wa moja kwa moja uwe wa kushtukiza. Na kila ukimpeleka mpinzani kona, kumbuka kamba: sogeeni upande huo huo mpira ulikokwenda.

Utaona vijana wakiruka nje ya mstari wa pembeni na kuubamiza mpira karibu na wavu. Mtindo huo huitwa Erne, kwa jina la Erne Perry aliyeupatia umaarufu huko Marekani. Ni halali, kwa sababu jiko huishia kwenye mistari ya pembeni. Uache kwanza hadi kiberiti na kamba vikuingie damuni, vinginevyo utaruka ukimwachia mwenzako uwanja mzima.

Mpira ukipita juu ya kichwa

Kusimama mbele kuna gharama yake: watakurushia mipira ya juu. Kanuni ya usalama inatangulia: usirudi kinyumenyume. Watu huanguka hivyo, wakajikinga kwa kiganja, na kifundo cha mkono kikavunjika. Geuka, kimbia ukiutazama mpira begani, uache udunde, kisha uurudishe juu na laini. Mara nyingi ni rahisi zaidi mwenzako aukimbilie kimshazari, naye anapaza sauti "Badili!" wewe ukahamia upande wake. Na kamba ile ile: mmoja akirudi nyuma, mwingine anarudi pia.

Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi haiushiki mpira kama ya Mombasa. Mgeni kutoka pwani atashangaa mipira yake ya juu ikitoka nje. Kwa aliye mbele hiyo ni habari njema: mingi utakayoiacha itatoka yenyewe. Lakini mpira wako wa kudondosha nao utazidi kidogo, kwa hiyo punguza mkono. Asubuhi za Julai plastiki huwa ngumu na hupasuka upesi. Angalia mpira kabla ya kulaumu raketi. Saa sita mchana jua liko utosini, na anayerusha juu saa hiyo anajua anachofanya. Vaa kofia. Ikaze.

Jumamosi ya kwanza

Anzeni na dakika kumi za mipira laini kimshazari, kiberiti kikiwa chini. Kila mkirudi nyuma zaidi ya urefu wa kiatu kimoja, anzeni kuhesabu upya. Kisha mmoja asimame mstarini na mwingine mstari wa nyuma: wa nyuma adondoshe, asogee, atue, adondoshe tena hadi afike, na wa mbele ampige kweli kila akitua vibaya au akikutwa anakimbia. Dakika kumi za hapo zinachosha kuliko mechi. Kwa kamba, tumieni leso au kamba halisi ya kuanikia nguo, mchezaji ashike ncha moja kwa mkono usio na raketi, na mtu wa tatu awatupie mipira kwa mkono kulia na kushoto. Majirani watawacheka kwenye balkoni. Wacheke.

Halafu chezeni mechi moja bila kuhesabu pointi. Kila mmoja ahesabu kitu kimoja tu: mara ngapi mpinzani ameupiga mpira wakati yeye mwenyewe yuko katikati ya barabara, anakimbia. Mara ya kwanza nilipohesabu nilifika kumi na saba. Jumamosi iliyopita zilikuwa nne. Mwalimu alikamatwa mara moja, na hiyo moja anaibishia hadi leo.